Wamesema Wana Leseni. Ya Wapi?

Leo tuongee fedha.

Swali linaloongoza kwenye simu yangu miezi hii si la siasa wala la Simba na Yanga. Ni la kripto. Linakuja kwa maneno tofauti lakini ni lile lile: "Kaka, hivi hili soko ni salama? Wanasema wana leseni." Anauliza mwalimu wa Tandika, anauliza jamaa wa bodaboda Mwananyamala, anauliza dada mwenye duka la vipodozi Mbagala Rangi Tatu. Kwa kuwa mimi ni mwandishi wa habari watu wanadhani nina orodha ya siri mezani, huku wazuri, huku matapeli. Sina. Nina maoni, na leo nayamwaga yote mahali pamoja maana nimechoka kuyatuma vipande vipande.

Maoni yenyewe ni haya: neno "leseni" halimsaidii chochote mtu wa Temeke au Kinondoni mpaka ajue leseni hiyo imetolewa na nani, kwa shughuli gani, na kama yeye mwenyewe yumo ndani yake. Wengi wetu tunaishia kwenye neno tu. Tunaona nembo ya serikali fulani chini ya ukurasa, tunaona namba ndefu, roho inatulia, tunatuma fedha.

Tuanze nyumbani, kwa sababu ugonjwa huu tumeuzoea. Bongo tunachanganya usajili na leseni. Kampuni ikiwa na cheti cha BRELA tunasema "iko kihalali". Ndugu zangu, BRELA ni kama pale unapoandikisha mtoto. Cheti kinasema amezaliwa na anaitwa nani, hakisemi kama akikua ataweza kutunza fedha za watu. Ruhusa ya kupokea amana za wananchi inatoka Benki Kuu. Ruhusa ya kuuza uwekezaji, hisa na vitu vya namna hiyo inatoka kwa Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Hayo ni madirisha tofauti kabisa, na anayekuonyesha karatasi ya dirisha moja ukiwa umemuuliza la jingine, tayari amekujibu.

Wenye umri wa kukumbuka wanaikumbuka DECI. Ilianza mwaka 2007, makao yake yakiwa Mabibo, kabla haijasambaa mikoani. Unapanda mbegu, unavuna. Haikuwa imejificha vichakani, ilikuwa na ofisi, ina foleni, ina wachungaji. Na walipa! Hilo ndilo tunalosahau, kwamba kwa muda mrefu watu walivuna kweli. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, viongozi wake wakafikishwa Kisutu, na mwaka 2013 wakatiwa hatiani kwa mambo mawili: kuendesha upatu na kupokea amana za watu bila leseni. Miaka ikapita, simu zikawa janja, mwanzoni mwa 2025 tukasikia ya LBL, ile ya kulipia kwanza halafu unaangalia matangazo kwenye simu "unaingiza". Benki Kuu ikatoa tahadhari, polisi wakakamata watu. Teknolojia mpya, mbegu ile ile ya Mabibo.

Kwa hiyo mtu akiniambia "nimejaribu kutoa elfu ishirini ikaja, basi hawa ni wa kweli", namwambia DECI nayo ilileta. Kutoa kiasi kidogo ni jaribio zuri la kujua kama mitambo inafanya kazi. Halisemi kitu kuhusu siku ambayo watu laki moja watataka kutoa kwa pamoja.

Haya, tuje kwenye kripto yenyewe. Serikali yetu imesema nini? Novemba 2019 Benki Kuu ilitoa taarifa kwa umma kwamba sarafu hizi si fedha halali hapa nchini, fedha halali ni shilingi. Juni 2021 Rais Samia, akiwa Mwanza, akawaambia watu wa Benki Kuu wajiandae, dunia inakwenda huko. Vijiwe vya Sinza siku ile vililipuka, watu wakadhani kesho yake tunalipia daladala kwa Bitcoin. Kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaja na kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye malipo ya uhamishaji wa mali za kidijitali, kuanzia Julai mwaka huo.

Angalia mpangilio huo. Tahadhari, matumaini, halafu kodi. Kodi ilifika kabla ya leseni. Kwa hiyo kijana wa Charambe anaposoma "soko letu linasimamiwa kisheria", anayesomewa habari hiyo si yeye. Ni mtu wa Ulaya, au Dubai, au Singapore. Yeye amepita tu dirishani akasikia.

Kuna jambo moja linatupoteza na nadhani linatokana na jina. Tunayaita maduka ya kubadilisha. Ukisikia hivyo unapata picha ya duka la kubadilishia fedha za kigeni pale Kariakoo: leseni imetundikwa ukutani, unatoa shilingi, unapewa dola, unahesabu mbele ya yule dada, unaondoka. Hapo hukuacha kitu. Duka likifungwa jioni ile ile, dola zako ziko mfukoni. Soko la kripto halifanyi kazi hivyo. Unaweka fedha, unanunua sarafu, na sarafu zinabaki kwao. Unachokiona kwenye simu ni tarakimu tu, ahadi yao kwamba wana kitu chako. Hiyo si biashara ya kubadilisha, hiyo ni benki! Basi swali la kuuliza ni lile unalopaswa kuuliza benki: fedha yangu mnaiweka wapi, na mkifa nani atanilipa?

Hata benki zenye leseni hufa. Januari 2018 Benki Kuu ilifuta leseni za benki tano kwa mkupuo kwa kuwa mitaji haikutosha: Covenant, Efatha, Njombe, Kagera na Meru. Wateja waliumia, hasa waliokuwa na fedha nyingi. Lakini kulikuwa na Bodi ya Bima ya Amana, na sheria ilisema kila mwenye akaunti alipwe mpaka shilingi milioni 1.5 za mwanzo (kiwango hicho baadaye kilipandishwa mpaka milioni 7.5). Leseni haikuzuia kifo. Ilichofanya ni kuacha mtu wa kusimamia mirathi, mwenye ofisi na anuani, na anayeongea Kiswahili.

Mfano mwingine uko mkononi mwako. Salio lako la M-Pesa au Airtel Money si fedha ya kampuni ya simu. Kwa kanuni za Benki Kuu, kila shilingi unayoiona kwenye simu lazima iwe na mwenzake kwenye akaunti ya dhamana katika benki ya biashara, mbali na fedha za kampuni. Ndiyo maana mwaka 2014 Tigo Pesa, siku hizi Mixx by Yas, walianza kugawia wateja faida: fedha ile ilikuwa imekaa benki kwa dhamana ikazaa, na mazao yakawa ya wateja. Kampuni haiwezi kuichota ikalipe mishahara au ikanunue minara. Tunalalamika makato, sawa, hata mimi nalalamika. Lakini hakuna aliyewahi kuniuliza kama M-Pesa ni salama, na sababu ni kanuni hiyo ambayo wengi hawajui hata kama ipo.

Sasa nipeni subira kidogo niwapeleke mbali, maana huko ndiko lilikofanyika jaribio ambalo laiti lingefundishwa darasani.

FTX mnaikumbuka. Soko kubwa, makao Bahamas, kijana mwenye nywele timutimu anaitwa Sam Bankman-Fried, matangazo kila kona. Wale walikuwa na leseni. Bahamas walikuwa nayo, Cyprus walikuwa nayo, Japani walikuwa nayo. Novemba 2022 watu wakaanza kutoa fedha kwa pamoja, ikagundulika hazipo. Karibu dola bilioni 8 za wateja zilikuwa zimepelekwa kwenye kampuni nyingine ya huyo huyo bwana, Alameda, zikachezewa. Machi 2024 alihukumiwa miaka 25 jela.

Kinachonivutia si jela. Ni Japani. Kampuni ile ile, mmiliki yule yule, jina lile lile juu ya mlango, lakini Februari 2023, miezi mitatu tu baada ya anguko, wateja wa FTX Japan walianza kutoa fedha zao. Wenzao wengi duniani walisubiri mpaka 2025 kuanza kuonja malipo.

Kwa nini? Kwa sababu Wajapani walishapigwa. Mt. Gox, soko lililokuwa kubwa kuliko yote duniani, lilikuwa Tokyo, na mwaka 2014 lilifilisika likisema limepoteza Bitcoin kama 850,000. Baadaye ziliokotwa laki mbili hivi, na waliodai walianza kurudishiwa Julai 2024, miaka kumi! Januari 2018 wakapigwa tena, soko la Coincheck likaibiwa sarafu za thamani ya yeni bilioni 58. Baada ya hapo sheria yao haikuishia kusema "muwe na leseni". Kuanzia 2020 ilisema hivi: fedha taslimu za mteja zikae kwenye amana ya dhamana, na angalau asilimia 95 ya sarafu za mteja zikae kwenye pochi zisizounganishwa na intaneti, mbali na mali ya kampuni. Bwana mkubwa alipohitaji fedha za kuziba pengo, za Japani hazikuchoteka.

Mama zetu wanaijua sheria hii. Kisanduku cha kikoba kina kufuli tatu, na funguo wanashika watu watatu tofauti. Mwenyekiti awe mcha Mungu namna gani, peke yake hafungui. Hatumwamini mwenyekiti zaidi kwa sababu ya cheti cha usajili kutoka kwa ofisa maendeleo ya jamii, tunaamini zile kufuli. FTX kwingine kote ilikuwa kisanduku chenye kufuli moja, na ufunguo kwenye mfuko wa kaptula ya bosi.

Kwa hiyo ninapoulizwa, siangalii kwanza kama leseni ipo. Nafungua masharti, yale marefu ambayo sote tunabonyeza "nakubali" bila kusoma, na kutafuta kitu kimoja: mimi niliyepo Dar es Salaam naingia mkataba na kampuni ipi? Hapo ndipo mambo hugeuka. Nembo inaweza kuwa moja, lakini nyuma yake kuna kampuni nyingi. Ile yenye leseni ya Ulaya inahudumia Wazungu. Wewe na mimi mara nyingi tunaangukia kwenye kampuni iliyoandikishwa kisiwani. Visiwa vya jirani zetu hapa Bahari ya Hindi, Shelisheli, vimekuwa makazi ya kampuni kadhaa kubwa za biashara hii, na kwa miaka mingi kuandikishwa kule kulikuwa kama BRELA tu, mtoto amezaliwa. Nikishajua jina kamili la kampuni, naingia kwenye tovuti ya msimamizi mwenyewe na kulitafuta kwenye orodha yake. Picha ya cheti iliyotumwa WhatsApp sihesabu, vyeti vinatengenezwa pale Kariakoo mchana kweupe.

Kisha natafuta sentensi inayosema mali ya mteja ni ya nani. Yapo masharti yanayosema wazi kwamba sarafu ni zako, wao wanazitunza tu. Yapo yanayowapa ruhusa kuzikopesha, hasa ukikubali zile akaunti za kupata faida ya kila mwezi. Ukishakubali hiyo, wewe si mteja tena, ni mkopeshaji, na wakifilisika unapanga foleni na wadai wengine.

Siku hizi wengi wanatoa pia kile wanachokiita uthibitisho wa akiba, baada ya fedheha ya FTX. Ni hatua nzuri, sipingi. Lakini ni sawa na mhazini kufungua kisanduku kwenye kikao muone noti zimo, bila kusema amekopa kwa nani ili zionekane. Mali bila madeni ni nusu ya hesabu.

Na usafi wa soko na usalama wa fedha yako ni vitu viwili. Binance, ambao hapa Bongo ndio wanaojulikana kuliko wote, Novemba 2023 walikiri makosa mahakamani Marekani, mengi ya kushindwa kuzuia utakatishaji wa fedha, wakakubali kulipa zaidi ya dola bilioni 4, na mwanzilishi wao akafungwa miezi minne mwaka 2024. Hata hivyo wateja waliotaka kutoa fedha walitoa. Sisemi hivyo kuwasifia. Nasema "wamepigwa faini" na "wameiba fedha za wateja" ni habari mbili, na ukizichanganya utakimbia pasipostahili na kutulia pasipostahili.

Kuna sehemu nyingine ambayo hakuna leseni ya popote inayoigusa, nayo ndiyo tunayoitumia zaidi hapa mjini. Wengi hawanunui kutoka kwa soko lenyewe. Unamtumia mtu usiyemjua shilingi kwa simu, soko linashikilia sarafu zake mpaka athibitishe amepokea. Soko linalinda upande wa sarafu. Upande wa shilingi ni wewe, yeye na mtandao wa simu. Unauza, unaletewa ujumbe "umepokea Tsh 600,000" ulioandikwa na tapeli mwenyewe, unaachia sarafu, basi. Fungua salio uangalie kwa macho yako. Na kama jina la aliyelipa si la yule unayemuuzia, usiachie mpaka ujue kwa nini, maana inaweza kuwa ni fedha ya mtu aliyetapeliwa Kigamboni asubuhi hiyo, na polisi watakaoifuata watafika kwako.

Sasa mtu ataniambia, basi wewe mwandishi unatukataza. Hapana. Najua kijana wa Tegeta anayefanya kazi za michoro kwa wateja wa nje na kulipwa kwa USDT, kwa kuwa njia nyingine zinamla au zinamkataa kabisa. Huyo nitamwambia nini, aache kula? Namwambia sokoni peleka unachouza leo. Usifanye pale ndiyo ghala. Kinachobaki kihamishie kwenye pochi ambayo maneno yake ya siri unayo wewe, yameandikwa kwenye karatasi, si kwenye simu ambayo kesho inakwapuliwa dirishani mwa daladala pale Mtongani. Na karatasi hiyo awepo mtu mmoja nyumbani anayejua iko wapi, kwa sababu kifo nacho kipo.

Kukaa kwetu kwenye kivuli cha sheria kuna gharama nyingine. Mwaka 2025 wasimamizi wa mufilisi wa FTX waliomba mahakama iwaruhusu kusitisha malipo kwa wateja wa nchi 49, China ikiwemo, kwa hoja kwamba sheria za huko zinabana kripto au hazieleweki. Wateja walipinga na ombi likaja kuondolewa. Lakini mmeona hatari? Unaweza kudhulumiwa pamoja na wenzako wa dunia nzima, halafu siku ya kulipwa ukaambiwa nchi yako haijulikani imesimama wapi.

Ndiyo maana siwalaumu wananchi peke yao. Mtu wa Tandika akizuiwa fedha zake kesho, apande gari hadi Posta, atembee mpaka Mtaa wa Mirambo kwenye yale maghorofa pacha ya Benki Kuu, amuulize mlinzi dirisha la kripto ni lipi? Lakini asilimia 3 ina dirisha lake.

Wenzetu Kenya wameamua. Oktoba 2025 Rais Ruto alitia saini sheria ya watoa huduma za mali hizi, ikaanza kazi Novemba 4, na kazi ya usimamizi wamegawana Benki Kuu yao na mamlaka yao ya masoko ya mitaji. Mwezi huo huo wasimamizi wakatangaza kwamba bado hawajampa mtu yeyote leseni chini ya sheria hiyo. Tangazo fupi, lakini lilikuwa na manufaa kuliko semina kumi, maana aliyekuwa akijinadi wakati huo kuwa ana leseni ya Nairobi aliumbuka hapo hapo.

Nasubiri kuona leseni zao zitamlazimisha mwenye soko kufanya nini na sarafu za mteja usiku akiwa amelala. Wadau mlioko Nairobi na Mombasa, mkizipata hizo kanuni mapema nirushieni. Nitaanza na kifungu cha kufuli.